Kioo cha Simu ya Mama

Nyumbani kwa Fundi Redio,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumatatu, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Pokea salamu za nyumba nzima. U hali gani huko? Unalala? Kile kikohozi kilichokushika wakati wa baridi kimekwisha, au bado kinakuamsha alfajiri? Wanakupa dawa au wanakuambia unywe maji mengi? Na unakula, au ndiyo unazidi kulitendea haki jina lako? Mimi dada yako sijambo, ukiacha miguu, na miguu ya msusi sijui kama kuna siku iliwahi kuwa mizima. Shangazi yupo na maneno yake. Mpwa wako ameng'oka meno ya mbele, akizungumza anapiga mluzi. Baba yupo. Mama yupo. Habari zao utazikuta mbele, na tafadhali usiruke mistari, nakujua.

Kabla sijaendelea, namsalimu pia askari atakayeisoma barua hii kabla yako. Afande, kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hukunizidi, hujambo. Humu hamna la kuficha. Nakuomba tu ukimaliza uikunje vizuri umpe mwenyewe. Akikataa kuipokea, iache kitandani kwake uondoke. Ana kichwa kigumu, lakini tangu utotoni hawezi kukaa na karatasi asiisome, alikuwa anasoma hata gazeti lililofungiwa sabuni.

Msumari, nilikuja kukuona. Nilipanda basi la alfajiri, nikapanga foleni kwenye jua, nikapekuliwa mpaka kwenye nywele, na mimi nywele ndizo kazi yangu, hakuna anayezishika bila kuniomba. Kisha yule askari wa mlangoni akarudi akaniambia, "Amesema hatoki." Nikadhani amekosea mtu, nikamtajia jina lako lote mpaka la babu. Akatikisa kichwa. Nikarudi na sabuni zako, fulana zako na mafuta yako ya kupaka, kila kitu kama kilivyo. Sikulia mbele yao, nilijikaza. Nililia chooni stendi, na mlinzi wa choo akagonga mlango kuniuliza kama naumwa.

Nilikasirika sana. Nilikuwa natamani nikushike masikio kama zamani. Lakini njiani nikafikiri, nikaona hasira yako ina mahali ilipotoka. Ile Jumapili ya simu, siku yenu ya kupiga, ulipiga namba ya Mama. Ikaita, ikakatwa. Ukapiga tena. Ikaita, ikakatwa tena. Huko uliko, mtu akikukatia simu mara mbili siku ambayo ni moja tu kwa mwezi, utafikiri nini? Umefikiri ni Baba anayekata. Umefikiri tumekaa kikao tukaamua huna kwenu.

Basi nakuandikia yaliyokuwa upande huu wa simu, yote, hata yanayotuaibisha.

Mama alianguka uani akianua nguo. Ile saruji karibu na bomba unaijua inavyoteleza mvua ikinyesha. Aliangukia ubavu, na simu alikuwa ameifunga kwenye pindo la nguo kiunoni, kwa hiyo aliilalia. Nyonga ikavimba, ikabidi awe mtu wa kitandani. Simu nayo ikapasuka kioo kuanzia kona ya juu hadi chini, na nusu ya chini tachi ikafa kabisa. Maandishi unayaona, picha yako umeegemea lori ambayo ameiweka pale mbele unaiona, lakini ukigusa sehemu ya chini ni kama umegusa ukuta. Na huko chini ndiko kidole kinakotelezeshwa ili simu ipokelewe.

Hakutuambia. Alibandika selotepu akaisukuma chini ya mto. Mama huyu hata jino likimuuma husema ameng'ata kitu kigumu. Alitoboa siri siku ya Ijumaa, alipoona Jumapili yako imefika mlangoni naye hana ujanja.

Mimi nikasema naipeleka kwa vijana wanaotengeneza simu mbele ya benki. Baba akavua miwani, na unajua akivua miwani nini kinafuata. Akasema, "Kitu cha nyumba hii kinatengenezwa nyumba hii." Maneno hayo tumenyonya nayo maziwa. Kwa ajili ya maneno hayo tumekulia na pasi yenye waya wa redio, na feni inayozunguka kinyumenyume, na hata leo wateja wangu wa saluni wanakalia kiti chenye mguu wa kitanda cha hospitali. Ningeweza kubisha. Lakini siku hizi hakuna anayemgongea mlango kuleta redio, meza yake imekuwa mahali pa kuwekea vitunguu, na tangu kesi yako iishe sikuwahi kumwona akikimbilia kitu. Ile Ijumaa alifuta meza kwa mkono wake, akapanga bisibisi zake kwa ukubwa. Nikaona mwache mzee afanye.

Kioo kipya chenye tachi yake tulikipata Jumamosi jioni. Baba akasema macho yake yanataka mwanga wa mchana, kwa hiyo tutaanza Jumapili mapema, tutamaliza mapema, nawe kwa kawaida hupigi mpaka alasiri. Hesabu ilikuwa nzuri tu ukiisikiliza.

Laini niliitoa mimi mwenyewe, kwa ncha ya hereni yangu. Ikumbuke laini hiyo, nitairudia.

Kulainisha gundi tulitumia drai yangu ya saluni. Nilikaa nikipuliza kingo za simu kama nakausha nywele za bibi harusi, Baba akipenyeza kadi ya plastiki kwenye ufa polepole, akisema ongeza moto, punguza moto, kaa hapo. Kioo kikawa kinatoka vipandevipande. Mikono ya Baba inatetemeka siku hizi, Msumari, wewe hukuiona ikitetemeka. Kipande kimoja kilimchoma kidole, akakinyonya, akaendelea. Skrubu alizichomeka kwenye mche wa sabuni, kila moja mahali inapokaa kwenye simu, maana zinafanana sura lakini hazilingani urefu, na ndefu ikiingia penye fupi inatoboa. Hapo nilimwona yule Baba tuliyekuwa tunamzunguka mezani tukigombania kushika tochi.

Shida ikawa utepe. Ndani kuna kitu kama utepe wa kaseti, mwembamba, unatoka kwenye kioo unaingia kwenye kijitundu chake kwa kubofywa. Ukikaa sawa, tachi inafanya kazi. Ukikaa upande hata kidogo, simu inapata wazimu, inajibonyeza yenyewe. Baba amezoea nyaya unazoweza kuzishika, za kuunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa. Huu hakuuona vizuri hata kwa lenzi yake. Nikaubofya mimi, nikasikia umelia, nikamwambia umekaa. Tukarudisha laini, tukawasha kuijaribu kabla ya kugandisha.

Ikawaka. Baba alicheka kwa sauti mpaka Mama akauliza kutoka chumbani kuna nini. Halafu simu ikaanza vituko. Ikafungua picha, ikafunga, ikaandika herufi zisizo na maana, na hakuna aliyeigusa. Baba akasema utepe haujakaa, akaigeuza, akautafuta kwa kidole huku simu ikiwa imewaka.

Hapo ndipo ulipopiga. Mapema kuliko siku zote.

Mama alisikia mlio akasema, "Ni yeye huyo." Baba akatelezesha kidole, kimya. Nikatelezesha mimi, hamna kitu. Baba akabonyeza utepe ili tachi iamke, na kweli ikaamka, lakini iliamka na wazimu wake, ikaruka yenyewe mpaka kwenye alama nyekundu. Simu ikakatika. Hakuna mkono wa mtu uliogusa ile nyekundu, Msumari. Namwapia Mungu, na wewe unajua siapi ovyo.

Ukapiga tena. Safari hii Baba hakugusa chochote, alishikilia utepe akabana pumzi. Nikafuta kidole kwenye gauni, nikatelezesha. Kabla sijakiinua, ile nyekundu ikajibonyeza tena. Tukabaki tunaitazama simu. Tulikuwa tunajua una mara ngapi za kujaribu kabla hawajampa mwenzako. Haikulia tena.

Ndipo Mama akauliza kutoka kitandani, taratibu tu, "Kwani hiyo laini haikai kwenye simu nyingine?"

Niliinua macho. Kwenye rafu juu ya kichwa cha Baba kulikuwa na kisimu chake cha tochi, kimejaa chaji. Mfukoni mwangu kulikuwa na simu yangu. Simu mbili nzima chumba kimoja, tangu asubuhi, na laini nilikuwa nimeishika kwa vidole vyangu, nikaiweka juu ya meza, kisha nikairudisha palepale kwenye simu mbovu. Mtu yeyote mtaani angeifikiria kabla hajanawa mikono. Mama asiyejua hata kuongeza sauti ya simu aliifikiria. Sisi wawili, watoto wa meza ile, kichwani mwetu kulikuwa na kutengeneza tu.

Tulihamisha laini palepale, tukakaa tukingoja. Nikapiga namba ile iliyotupigia, akapokea mtu wa ofisini kwenu, akasema wafungwa hawapigiwi na saa yenu imeisha. Nikamwomba akuambie kwamba hatukukata, simu ilikuwa mbovu. Akasema atakuambia. Kama alikuambia na hukuamini, au alisahau, mimi sijui.

Mama hakutugombeza. Alisema atakupata mwezi ujao, akaomba chai. Ningefurahi zaidi kama angetutukana.

Sasa kaa chini kama umesimama. Alhamisi iliyofuata niliingia kumpelekea uji nikamkuta anaitazama dari, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia nje ya kitanda. Kiharusi. Tulimpeleka hospitali, wakamlaza, kisha wakaturudishia. Anasikia. Anaelewa kila kitu, ukimtania machozi na kicheko vinatoka pamoja. Lakini mkono ule haunyanyuki, na ulimi umefungwa. Hakuna neno linalotoka, Msumari, hata moja. Yale maneno ya laini na ya chai ni karibu ya mwisho tuliyoyasikia kwake. Nilimuuliza daktari kama atasema tena. Akaniambia tumshukuru Mungu kwa kila siku na tusiahidiane mambo ya mbali, kwa sababu kingine kinaweza kuja, na kikija hakitakuwa na huruma.

Jumapili ya simu ikafika tena. Tuliweka kile kisimu cha tochi juu ya mto wake tangu asubuhi. Alikitazama kutwa. Shangazi alimletea chakula akafumba mdomo, akihofia nadhani usije ukapiga wakati anameza. Hukupiga. Sikulaumu. Kwa kweli nakulaumu kidogo, lakini kidogo tu, kwa kuwa ulikuwa hujui. Ndiyo sababu nilikuja mwenyewe, kwani habari kama hii nilitaka uisikie kwangu, nikiwa nimekushika mkono, na siyo kwa mtu wa ofisini. Ukakataa kutoka.

Kuna la Baba pia. Hakunituma, na akijua nimeliandika tutanuniana mpaka mwaka uishe. Wewe unaona hakukusalimu mahakamani, hajawahi kuja kukuona, basi amekufuta. Jioni ile ya Jumapili ya kwanza, baada ya simu kukataa kulia, alifuta bisibisi zake moja moja. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Ule waya wa breki aliufunga yeye, lakini aliyemfundisha kufunga ni mimi." Nikaelewa kwa nini hukumwona akikutazama kizimbani. Gereji ilikuwa pale pale barabarani, ulisema hivyo mwenyewe mbele ya hakimu. Uliipita ukafunga breki ya lori kwa waya kwa sababu kwetu kitu hakipelekwi kwa fundi mwingine. Yule mwendesha baiskeli, Mungu amrehemu, Baba anamwombea kila siku kabla hajatuombea sisi. Na alinieleza kwamba aliwahi kuja huko kwenu peke yake, akafika mpaka kwenye lile benchi la nje, akakaa, akashindwa kuingia, akarudi. Alituaga kwamba anakwenda kuangalia redio ya mtu.

Sasa nikuambie alichofanya wiki iliyopita. Alivaa shati lile la mahakamani, akaifunga simu ya Mama kwenye kitambaa, akaondoka bila kuaga. Alikwenda kwa wale vijana mbele ya benki. Baba yako, Msumari. Alisimama kwenye kaunta kama mteja, na binti mmoja akakalisha ule utepe, akagandisha kioo, akamrudishia. Nilimuuliza ikoje. Akasema binti ana mkono uliotulia. Kisha akaenda uani, akajifanya anatafuta ndoo.

Kwa hiyo simu ya Mama imepona na laini imerudi humo. Tumeirudisha kwa sababu spika yake ni kubwa, inaweza kulazwa juu ya mto Mama akasikia bila mtu kumshikia sikioni, na kwa sababu ya picha yako pale mbele, ambayo anaitazama kuliko anavyotutazama sisi. Kila jioni nikifunga saluni, Baba ananiambia niende jikoni nipige, ili aijaribu. Napiga. Nasikia ikilia chumbani. Anatelezesha kidole, anapokea, na kila siku anasema hivyo hivyo, "Haloo, Msumari." Anajua ni mimi, mlango uko wazi, ananiona kabisa. Siku ya kwanza nilikata. Siku hizi namjibu, "Bado, Baba," naye anasema haya, anairudisha kwenye chaji.

Shangazi anakusalimu sana, anasema anakuwekea blanketi na kwamba ukirudi utaoa, upende usipende. Mpwa wako anakusalimu, amekuchorea lori, nimelitoa magurudumu nikamwambia achore nyumba, akanuna. Nimekuambatishia nyumba. Majirani wa pande zote mbili wanakuulizia, hata yule mwenye mbwa. Sabuni na fulana nitazileta tena, na safari hii ukikataa kutoka nitakaa foleni mpaka wanifunge na mimi.

Jumapili hii ni ya simu. Piga. Usiniandikie kwanza, usingoje kupoa hasira, piga. Itaita na itapokewa, utepe umekaa. Atakayepokea ni Baba. Atasema haloo, halafu najua hataweza kuendelea, usimlazimishe. Ataiweka simu juu ya mto wa Mama. Baada ya hapo hutasikia kitu chochote. Usidhani mtandao umepotea, na usidhani tumekukatia. Zungumza tu. Mwambie umekula nini, mwambie kikohozi kimepona hata kama hakijapona, mwambie uongo wowote wa kheri, tumia dakika zako zote mpaka askari akunyang'anye. Ukisikia kimya, usikate. Huyo ni Mama, anakusikiliza.

Mungu akufunike popote ulalapo, akupe moyo wa kunyanyua simu.

Ni mimi dada yako akupendaye hata unapokataa kutoka,
Msusi.